Uwiano, asilimia, gramu kwa lita, moli au ppm: uchague kipimo kipi kwa mchanganyiko wako?

Dripu ya saline inayoning'inia wodini imeandikwa 0.9%. Mwalimu wa kemia akiishika chupa hiyo hiyo atakwambia ni gramu 9 kwa lita, mtu wa maabara ya hospitali atakwambia milimoli 154 kwa lita, na fundi wa maji ukimbana aiseme kwa lugha yake atasema ppm 9,000, yaani sehemu 9,000 kwa kila milioni. Wote wako sahihi, chumvi ni ile ile, haijaongezeka wala kupungua hata chembe. Sasa hapo ndo watu wengi wanapochanganyikiwa, wanafunzi wa kidato cha tatu, wajasiriamali wa sabuni, wauguzi, wakulima wenye bomba mgongoni, kila mmoja anauliza swali lile lile kwamba mimi nitumie ipi kati ya hizi.

Msingi wenyewe ni kugawanya tu. Juu unaweka kitu kilichoyeyushwa, chini unaweka kile kilichokibeba, basi. Vipimo vyote ntakavyovitaja vinatofautiana kwa unachokiweka juu na unachokiweka chini, na makosa karibu yote yanazaliwa hapo hapo: mtu kaweka juu uzito wa jiki badala ya klorini iliyomo ndani ya jiki, au kaweka chini lita ya maji wakati kipimo kinataka lita ya mchanganyiko uliokamilika. Kwa hiyo kila kipimo ukikutana nacho kiulize maswali mawili, juu kuna nini na chini kuna nini, ukishajibu hayo kazi iliyobaki ni ya kalkuleta.

Ili tuvilinganishe kwa haki, vyote nitavipitisha kwenye vigezo vile vile vitano. Cha kwanza vifaa, yaani unahitaji nini mkononi, mizani au kikombe tu. Cha pili hesabu yenyewe inaendaje. Cha tatu kinakupa nini ambacho vingine havikupi. Cha nne kinaponza wapi, na cha tano kinamfaa nani.

Uwiano, ile ya sehemu moja kwa sehemu kadhaa

Vifaa: kikombe na ndoo. Hamna mizani, hamna jedwali la elementi.

Hesabu: chukua ukali ulionao, gawa kwa ukali unaoutaka, kisha toa moja. Jibu ndo sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Tuseme jiki yako imeandikwa 3.5% na unataka 0.5% ya kufutia sakafu na meza: 3.5 gawa kwa 0.5 ni 7, toa 1 inabaki 6, so kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji. Ukitaka 0.05% unapata 70, toa 1, vikombe 69. Hakuna mtu atakayekaa kuhesabu vikombe 69, kwa hiyo unafanya hivi: kikombe cha mililita 250 mara 70 ni lita 17.5, unamimina hicho kikombe kimoja kwenye ndoo ya lita 20 halafu unajaza maji mpaka ifike lita 17 na nusu, ndoo ukiiwekea alama ya wino mara moja hutahesabu tena.

Kinakupa nini: kasi, na kinafundishika kwa mtu yeyote. Wakati wa Ebola kule Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, 2018 hadi 2020, vipimo viwili vya klorini vilivyotumika ni hivyo hivyo, 0.05% kwa mikono na 0.5% kwa vyombo na sakafu, na mtu wa usafi anayechanganya alfajiri anahitaji kujua vikombe vingapi kwa ndoo gani, mambo ya moli hayamsaidii chochote saa hiyo.

Kinaponza wapi: pengi tu. La kwanza, "moja kwa kumi" mmoja anaelewa sehemu 1 ndani ya jumla ya 10, yaani maji 9, mwingine anaelewa sehemu 1 na maji 10. Kwa sakafu haina shida kubwa, kwa dawa ya sindano ni balaa. La pili, uwiano haukuambii ulianza na nini. Yule aliyezoea moja kwa sita akinunua jiki ya aina nyingine yenye 5% atapata kama 0.7%, akipata dhaifu ya 2.5% anaangukia 0.36%, na ndoo zote kwa macho zinafanana. Adrenalini ndo mfano unaonitisha zaidi. Kwa miaka mingi iliandikwa 1:1000 na 1:10,000, ya kwanza ni miligramu 1 kwa mililita, ya pili miligramu 0.1, tofauti ya mara kumi imejificha kwenye sifuri moja. Marekani mwaka 2016 waliacha uandishi huo kwenye lebo wakabaki na miligramu kwa mililita, na mimi naona walifanya la maana kabisa.

Kinamfaa nani: usafi, kufua, kupulizia, kazi yoyote ya ndoo ambayo dawa ya kuanzia haibadiliki. Ikibadilika, piga upya.

Asilimia

Hii ndo kila mtu anadhani anaijua, na ndo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu ziko tatu na zote zinaandikwa kwa alama moja.

Kuna uzito kwa ujazo, gramu ndani ya mililita 100 za mchanganyiko. Saline iko humu, 0.9% ni gramu 0.9 ndani ya mililita 100. Kuna uzito kwa uzito, gramu ndani ya gramu 100 za mchanganyiko, humu utakuta asidi kali za dukani na kostiki ya sabuni (sodiamu haidroksaidi). Na kuna ujazo kwa ujazo, mililita ndani ya mililita 100, humu ziko spiriti na pombe zote.

Vifaa: inategemea ni ipi kati ya hizo tatu. Uzito kwa uzito unahitaji mizani tu, hata ile ya jikoni, ujazo kwa ujazo unahitaji chombo chenye alama, na uzito kwa ujazo unataka vyote viwili.

Hesabu: nyepesi. Unataka nusu lita ya 5% ya uzito kwa ujazo, unachukua 5 gawa kwa 100 mara 500, gramu 25, unaziyeyusha kwenye maji machache kisha unajaza mpaka mililita 500. Angalia nimesema unajaza mpaka, sijasema unaongeza 500.

Kinakupa nini: kila mtu anaisoma, na kwa watu wa dawa ina njia ya mkato nzuri sana, asilimia ya uzito kwa ujazo ukizidisha kwa 10 unapata miligramu kwa mililita. Lidokeini ya 2% ina miligramu 20 kwenye kila mililita, dripu ya glukosi ya 5% ina miligramu 50 kwa mililita, basi hesabu ya dozi imeisha.

Kinaponza wapi: chukua kostiki ya 30%. Mtengeneza sabuni anayepima kwa uzito anachukua gramu 300 za kostiki na gramu 700 za maji, kilo moja, safi. Mwenzake aliyesoma ile 30% kama uzito kwa ujazo anaweka gramu 300 kwenye lita moja nzima. Sasa kostiki ya 30% kwa uzito ni nzito, lita yake moja ina uzito wa kama kilo 1.33, maana yake ndani ya lita hiyo kuna karibu gramu 400 za kostiki na sio 300. Robo nzima imepotea kati ya watu wawili wanaosema namba moja! Halafu wanashangaa kwanini fomula ya rafiki yake inagoma kwake, sabuni haigandi, mafuta yanaelea juu. Fomula haina kosa, ni kwamba hawakuulizana asilimia ya nini kwa nini.

Spiriti nayo ina mambo yake. Kutoka 96% kwenda 70% unachukua 70 gawa kwa 96, ni 0.729, so mililita 729 za spiriti unajaza maji mpaka lita moja. Kwanini usipime tu maji mililita 271 ukamwagia? Kwa sababu spiriti na maji vikikutana ujazo unapungua, mililita 50 ukichanganya na 50 hupati 100, unapata kama 96 hivi. Fomula ya WHO ya kitakasa mikono nayo imejengwa kwa mtindo huo, kwa lita 10 unaweka mililita 8,333 za ethanoli ya 96% pamoja na haidrojeni paroksaidi na gliserini, kisha maji unajaza mpaka alama ya lita 10, na ukali wa mwisho wa ethanoli unakuwa 80%.

Kinamfaa nani: wauguzi, wafamasia, watengeneza sabuni na vipodozi, na yeyote anayeandika lebo itakayosomwa na watu wengi. Sharti langu moja tu, pembeni ya alama ya asilimia andika aina yake.

Gramu kwa lita

Hapa sitakaa sana kwa sababu kipimo chenyewe hakina ujanja.

Vifaa vyake ni mizani na chombo chenye alama ya ujazo. Hesabu ni gramu gawa kwa lita, mwisho. Kinakupa uhakika wa macho, unachokisoma ndo unachokipima, hakuna cha kufasiri. Pakiti ya ORS, ile ya kunywa mtu akiharisha, ya fomula ya WHO ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, 1.5 za potasiamu kloraidi na 2.9 za sitreti, jumla gramu 20.5 kwa lita moja, na kiwandani wanaweza kuzipima bila kujua hata fomula ya kemia ya kitu kimoja. Mkulima naye hivyo hivyo, urea ya 2% ya kupulizia majani ni gramu 20 kwa lita, bomba la lita 16 linataka gramu 320.

Kinaponza ukichanganya lita ya maji na lita ya mchanganyiko. Kwa vitu vichache kama ORS huoni tofauti, ila weka gramu 500 za sukari kwenye lita moja ya maji uone, unapata karibu lita 1.3, kwa hiyo sharubati yako ina kama gramu 385 kwa lita na sio 500. Udhaifu mwingine ni kwamba gramu hazikuambii nani atamalizana na nani kwenye riaksheni, na hapo ndo tunaingia kwenye moli.

Kinawafaa wakulima, viwanda vidogo, na mwanafunzi kama hatua ya katikati, kwa sababu karibu kila badiliko linapita hapa.

Moli kwa lita, au kama tulivyozoea kuandika, M

Kidato cha tatu ndo mahali ambapo watu wanaiacha kemia, na moli ndo sababu kubwa. Inaniuma, maana ukiikubali moli kwa moyo mmoja ndo inayorahisisha kila kitu kinachofuata.

Moli ni idadi. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imefungwa rasmi kwenye namba 6.02214076 × 10²³, chembe ngapi ziko ndani ya moli moja, haijalishi ni za nini. Na kemia inafanyika kwa idadi. Chembe haijui ina gramu ngapi, inajua inamhitaji mwenzake mmoja au wawili.

Tazama mfano huu. Una sodiamu kaboneti gramu 10.6 kwa lita na asidi ya haidrokloriki gramu 7.3 kwa lita. Mililita 25 za kaboneti zitahitaji mililita ngapi za asidi? Ukizikodolea macho zile gramu hazisemi kitu. Sasa gawa kila moja kwa uzito wa moli yake, yaani gramu za moli moja, 10.6 kwa 106 ni 0.1, na 7.3 kwa 36.5 ni 0.2. Kaboneti moja inahitaji asidi mbili, asidi yako tayari ina ukali mara mbili, kwa hiyo ni mililita 25 kwa mililita 25. Umemaliza bila kushika kalamu.

Vifaa: hapa gharama inapanda. Unahitaji mizani ya angalau desimali mbili, flaski ya ujazo yenye shingo ndefu na alama moja, na ukienda kwenye taitresheni, yaani kupima ukali wa kitu kwa kukimalizanisha na kingine kinachojulikana, unaongeza pipeti na bureti. Tuitengeneze hiyo kaboneti ya 0.1 M, mililita 250. 0.1 mara 0.25 mara 106, gramu 2.65 za kaboneti kavu. Unaipima kwenye bika, unamimina maji safi kidogo, unakoroga mpaka iishe yote, unaihamishia kwenye flaski kwa faneli. Bika usiliweke pembeni, lisuuze na maji kidogo umimine humo humo kwenye flaski, rudia tena, suuza na ile fimbo ya kukorogea, maana kilichobaki kwenye ukuta wa bika ni sehemu ya zile gramu 2.65. Jaza mpaka shingoni, za mwisho dondoshea kwa matone, jicho liwe usawa wa alama, na lile bonde la maji lililopinda liguse mstari kwa chini. Funga, pindua juu chini mara nyingi. Wanaoruka hatua ya kupindua wanakuwa na mchanganyiko mzito chini na maji juu, halafu taitresheni tatu zinatoa majibu matatu.

Hesabu: gramu gawa kwa uzito wa moli gawa kwa lita. Kwa asidi ya chupa kuna hatua moja ya ziada. Haidrokloriki ya 37% ina densiti (kilo kwa lita) karibu 1.19, so lita moja ina gramu 1,190, asilimia 37 yake ni gramu 440, gawa kwa 36.5 unapata 12 M. Ukitaka lita ya 0.1 M unahitaji mililita 8.3 tu za hiyo asidi. Salfuriki ya 98% kwa njia hiyo hiyo inafika kama 18 M, na kwa hiyo kanuni haina mjadala, asidi ndo inamiminwa kwenye maji, polepole, kamwe usimimine maji kwenye asidi, joto linalotoka linaweza kuirusha usoni. Vaa miwani na glavu hata kama ni mililita 8.

Kinakupa nini: uwezo wa kutabiri riaksheni, kulinganisha vitu tofauti kwa haki, na kusoma majibu ya hospitali. Sukari ya damu kwetu nyingi husomwa kwa milimoli kwa lita, ndugu aliyeko Marekani akituma mashine inasoma miligramu kwa desilita, mama anaona 126 anadhani ndo mwisho wake wakati 126 hiyo ni sawa na 7.0 ya huku. Gawa kwa 18 tu. Hiyo 18 inatoka kwenye uzito wa moli ya glukosi, 180, na ile desilita.

Kinaponza wapi: fomula. Mrututu (kopa salfeti) ule wa buluu una maji matano ndani ya kila chembe, moli yake ni gramu 250, ule mweupe uliokaushwa ni 160. Ukihesabu kwa 160 halafu ukapima wa buluu gramu 16 kwa lita unadhani una 0.1 M, kumbe una 0.064. Kaboneti yenye maji kumi ni 286 badala ya 106, na maswali ya mtihani yanapenda sana kujificha hapo. Kostiki nayo inavuta unyevu na hewa ya kaboni dioksaidi ukiwa unaipima, kwa hiyo gramu 4 ulizopima hazina gramu 4 za kostiki, inabidi uipime ukali wake kwa asidi inayojulikana kabla ya kuiamini. Na jambo dogo la mwisho, lita inatanuka kwenye joto, kwa hiyo kwa kazi nyeti sana watu wanahamia moli kwa kilo ya maji. Kwa shule na maabara za kawaida usijali.

Kinamfaa nani: mwanafunzi, maabara, kiwanda kinachofanya riaksheni. Muuza juisi haimhusu.

Ppm na miligramu kwa lita

Vifaa: kupima kitu kidogo hivi kwa mizani haiwezekani moja kwa moja, kwa hiyo unatengeneza kikali kwanza kisha unakizimua, au unatumia kifaa cha kusomea, vidonge vya rangi vya klorini, kipimo cha floraidi na kadhalika.

Hesabu: lita ya maji ina uzito wa kama kilo moja, na kilo ina miligramu milioni moja, kwa hiyo kwa maji miligramu 1 kwa lita ndo sehemu moja kwa milioni. 1% ni ppm 10,000. Ile klorini ya 0.05% ni ppm 500. Tuseme una simtanki la lita 1,000 na unataka kuweka klorini ya miligramu 2 kwa lita. 2 mara 1,000 ni miligramu 2,000, gramu 2 za klorini. Jiki ya 3.5% ina kama gramu 35 kwa lita, 2 gawa kwa 35, mililita 57. Kama una unga wa klorini wa 70%, 2 gawa kwa 0.7, kama gramu 2.9. Subiri nusu saa halafu upime kilichobaki, WHO wanataka kisipungue miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30. Tumia jiki isiyo na manukato, na kumbuka jiki iliyokaa juani dukani miezi mingi ukali wake umeshuka hata kama lebo haijabadilika.

Kinakupa nini: namba zinazosomeka. Kiwango cha WHO cha floraidi kwenye maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Iandike kwa asilimia uone, 0.00015%, nani atakumbuka sifuri hizo? Watu wa Arusha, Kilimanjaro, Singida, na wenzetu wa Nakuru wanajua floraidi inavyofanya meno kuwa ya kahawia toka utotoni, Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa sababu ya hali ya vyanzo vyenyewe, na pale Ngurdoto mkoani Arusha wamekuwa wakiitoa kwa mkaa wa mifupa. Mjadala wote huo, kati ya 1.5 na 4, unawezekana kwa sababu kipimo kinasomeka.

Kinaponza wapi: ppm inakuambia kiasi, haikuambii cha nini mpaka useme. Naitreti miligramu 50 kwa lita ikihesabiwa kama naitreti nzima ni sawa na 11 ikihesabiwa kama naitrojeni peke yake, ripoti mbili za kisima kimoja zinaweza kuonekana zinapingana kumbe zinakubaliana. Halafu kuna vile vikalamu vya TDS, muuzaji wa filta anachovya kwenye glasi yako, inasoma 400, anakwambia maji yako ni sumu. Kile kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme na kukadiria chumvi zote kwa jumla, hakioni floraidi kivyake, bakteria hakioni kabisa. Maji ya 400 yanaweza kuwa mazuri na ya 50 yakakupeleka hospitali. Usikubali kununua filta kwa sababu ya namba hiyo peke yake.

Kinamfaa nani: maji, mabwawa ya samaki, swimingi puli, mabaki ya viuatilifu, chochote kilicho kidogo sana.

Kuhama kutoka kimoja kwenda kingine

Pitia gramu kwa lita kila mara. Asilimia ya uzito kwa ujazo zidisha kwa 10 unapata gramu kwa lita. Gramu kwa lita zidisha kwa 1,000 unapata miligramu kwa lita. Gramu kwa lita gawa kwa uzito wa moli unapata moli kwa lita. Rudi kwenye saline, 0.9 mara 10 ni 9, mara 1,000 ni 9,000, na 9 gawa kwa 58.44 ni 0.154. Asilimia ya uzito kwa uzito inadai densiti ya mchanganyiko, na ya ujazo kwa ujazo inadai densiti ya kimiminika chenyewe, bila densiti huvuki. Na ile kanuni ya kuzimua, ukali wa kwanza mara ujazo wa kwanza ni sawa na ukali wa pili mara ujazo wa pili, inafanya kazi kwa kipimo chochote cha ujazo, mradi pande zote mbili utumie kipimo kile kile.

Sasa wewe uko wapi?

Kama unachanganya jiki ya nyumbani, zahanati au shule, andika ukali unaoutaka kwa asilimia kisha uugeuze kuwa vikombe, na karatasi ya ukutani iseme yote mawili pamoja na ukali wa jiki mliyoanzia. Usiichanganye na asidi, amonia wala spiriti, gesi inayotoka inaumiza mapafu.

Kama una mtihani wa NECTA au KCSE mbele yako, kila namba unayopewa igeuze moli kwanza hata kama swali limekuja kwa gramu, halafu jibu lirudishe kwenye kipimo kilichoulizwa. Swali likitaja maji kwenye fomula, uzito wa moli uhesabu upya.

Mtengeneza sabuni, mizani kwa kila kitu mpaka maji. Ukipokea fomula ya mtu muulize ni uzito kwa uzito au kwa ujazo kabla hujamimina chochote, na kostiki imwagie kwenye maji, sio maji kwenye kostiki.

Mkulima ambaye lebo inasema mililita 40 kwa lita 20 na bomba lako ni la lita 16, usitumie 40, tumia 32. Hiyo ni mililita 2 kwa lita, ukiikariri kwa lita moja bomba lolote halikusumbui.

Muuguzi au mfamasia, asilimia mara kumi, miligramu kwa mililita, na dawa ikiwa imeandikwa kwa uwiano igeuze kuwa miligramu kwenye karatasi, mwenzako asome kwa sauti kabla haijaingia kwenye sindano.

Mwenye kisima au simtanki, fanya kazi kwa miligramu kwa lita, na sampuli ya maji ipeleke maabara ukitaja unachotaka kipimwe, floraidi, naitreti, bakteria, maana wasipoambiwa watakupimia vya kawaida tu.

Na kama unaandika lebo ya chupa itakayobaki kwenye shelfu baada yako, weka jina la kitu pamoja na maji yake kama yapo, ukali na aina ya kipimo, na tarehe uliyochanganya.